Karibu ya Mjini

Saa saba mchana ofisi za Dodoma hutema watu, na watu hao ambao tangu asubuhi walikuwa wakisinzia juu ya mafaili hupata nguvu za ghafla. Jumatano hiyo mgahawa wa Mama Erick, nyuma ya soko la Majengo, ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Si kwamba Mama Erick anapika kuliko wengine. Pilau yake ina mafuta na chai yake ina maji. Watu huenda kwake kwa sababu watu huenda kwake. Ukila pale umeonekana, na katika mji huu wa vikao na posho, kuonekana unakula ni nusu ya kushiba.

Loisi alikuwa bingwa wa nusu hiyo. Alikuwa na miaka thelathini kasoro mmoja, alifanya kazi masjala katika taasisi moja ya serikali, na tangu ahamie mjini alikuwa hajapika hata yai. Nyumbani kwake, chumba na sebule Area C, kulikuwa na jiko la gesi la plate mbili alilolinunua ili wageni walione. Juu ya plate moja aliweka wigi la Jumapili, juu ya nyingine wigi la siku za kazi. Asubuhi supu na chapati, mchana kuku, jioni chipsi, na kila sahani ilipigwa picha kabla ya kuguswa. Wenzake waliobeba chakula kutoka nyumbani aliwaita watoto wa chekechea, tena mbele yao.

Wanaume wawili walikwisha kumtaka, akawafukuza. Wa kwanza aliuliza bei kabla ya kukaa. Wa pili aliagiza soda moja na mirija miwili, akadhani hayo ndiyo mahaba.

Dharau hiyo hakuiokota njiani. Kwao Mpwapwa, baba yake Mzee Yoramu, karani mstaafu, alikuwa na tabia iliyojulikana mtaa mzima. Siku ya kuku alitia mapaja yote mawili kwenye sahani yake, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akala peke yake. Mkewe na watoto walibaki sebuleni na ugali na mchuzi, wakisikiliza mifupa inavyonyonywa. Hela alikuwa nayo, chini ya kitanda, ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni kama rozari. Siku Loisi alipoondoka kwao aliapa kwamba ataolewa na mlevi, ataolewa na mganga wa kienyeji, lakini hataolewa na bahili.

Basi alikuwa ameketi kwa Mama Erick na nusu kuku mbele yake, amevaa gauni la kitenge lenye mikono ya puto, mshono wa wiki ile ile, na kucha ndefu za zambarau ambazo zilifanya kumshika huyo kuku kuwe kazi ya ufundi. Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, cha mbele yake. Akaja mwanamume akakikalia. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati la drafti lililopigwa pasi hadi likakata tamaa, na kola yake ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa umefichwa ndani. Miguuni pake aliweka mkoba wa vyuma. Hakuagiza kitu.

Loisi aliiona ile kola, akamaliza kazi ya kumjua. Hata hivyo adabu ni adabu. Bila kuinua macho akasema, "Karibu."

Kila mtu aliyekulia mjini anajua jibu la neno hilo. Unasema "asante, endelea." Ukitaka kupamba unasema umetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linakukana. Aliyekaribisha anafurahi hajachukuliwa chakula, aliyekaribishwa anafurahi hajaonekana mroho, na maisha yanasonga.

"Asante sana, dada," yule mwanamume akasema. Akasimama, akaenda kwenye ndoo ya koki, akanawa mpaka kwenye viwiko, akarudi, akavuta kiti, akafumba macho akaombea chakula. Kisha akachukua paja.

Si bawa wala si shingo. Paja.

"Samahani, kaka," Loisi akasema taratibu. "Unafanya nini?"

"Ninakula. Umenikaribisha."

"Nimekukaribisha kwa mdomo."

"Na mimi ninakula kwa mdomo."

Meza ya jirani wakacheka.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Bahi."

"Na huko Bahi hamjui kwamba karibu ni salamu?"

"Salamu ni habari za mchana, na hiyo hukunipa." Alikuwa anatafuna bila haraka. "Kwetu ukikaribishwa chakula ukakataa, unaulizwa kuna ugomvi gani. Kama hukunuia, dada yangu, ungenyamaza. Kunyamaza hakuuzwi."

Loisi alijiandaa kumtukana. Badala yake akajikuta anamtazama anavyokula. Alikula kimya, kwa usafi, mpaka mfupa ukabaki mweupe, na kila alipofika kwenye mnofu mzuri aliusukuma upande wa Loisi kwa kidole. Baba yake hakuwahi kusukuma kitu upande wa mtu yeyote. Jambo hilo lilimkera kwa sababu hakujua aliweke wapi.

"Naitwa Obedi, fundi friji," akasema alipomaliza. "Nalisubiri jokofu la Mama Erick lipoe nilikague. Kesho saa hizi, hapa hapa, ni zamu yangu. Karibu."

"Hiyo karibu ni ya kweli?"

"Sina nyingine."

*

Kesho yake Loisi alikwenda, huku akijiambia anakwenda kutazama vichekesho. Na vichekesho alivikuta. Fundi Obedi alikuwa amekaa meza ya katikati, na mbele yake hotpoti la ghorofa tatu, la rangi ya maziwa, lenye maua mekundu ya kizamani kama la harusi ya shangazi.

"Fundi, hapa si shule," Mama Erick alikuwa akilalamika kutoka kaunta. "Chakula cha nje hakiingii."

"Na jokofu lako, mama, likigoma Jumapili, nani ataingia?"

Mama Erick akageukia chapati zake. Obedi akafungua ghorofa ya kwanza, ugali wa uwele. Ya pili, mlenda. Ya tatu, kambale mkavu wa Bahi aliyeungwa kwa karanga. Harufu ikazunguka mgahawa mzima. Jenifa wa uhasibu, rafiki yake Loisi, alikuwa meza ya pembeni na mwenzake Naima. Wote wawili walishika simu kama watu wanaosoma ujumbe, na kamera zimeelekezwa kwenye hotpoti.

"Ningekuwa na kaburi karibu ningeingia," Loisi akasema.

"Ingia ukishakula. Nawa."

Akanawa. Tonge la kwanza alilimeza kwa ajili ya kumaliza aibu. La pili alilimeza kwa sababu ya lile la kwanza. Ilikuwa miaka mingi hajala mlenda. Mtu wa masjala hapigwi picha na mlenda. Alikula mpaka akapangusa ghorofa ya tatu kwa kidole, kucha ya zambarau ikiwa imevaa karanga.

"Kwa nini hununui chakula kama watu?" akauliza, ili heshima yake irudi kidogo.

"Nimefungua nusu ya friji za mji huu. Wewe unasoma menyu, mimi nasoma ndani."

"Za nani?"

"Siri ya mgonjwa na daktari."

"Kwa hiyo ni usafi tu, si ubahili?"

"Na hela pia. Kuku unayemla hapa robo, mimi kwa bei hiyo namla wiki. Sioni fahari ya kumlipa mtu anipikie vibaya."

"Unaweka akiba ya nini, baba? Kiwanja? Mji mzima unaweka akiba ya kiwanja."

"Ya kutoomba," Obedi akasema. Akaanza kufunga ghorofa zake moja moja.

Jibu hilo Loisi alilidharau kutwa nzima, na jioni akalikumbuka.

*

Mapenzi yao yaliendelea miezi miwili, na Loisi aliyaendesha kwa kebehi, maana hakujua njia nyingine. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu simu yake iliita, kwa kuwa saa hizo ndipo dakika za Obedi zilipokuwa za ofa.

"Umeamka, kipenzi?"

"Nimeamshwa. Jogoo analala, wewe unapiga simu."

"Jogoo analipa bei ya mchana."

"Hivi Obedi, siku ukinioa, harusi nayo itafanyika alfajiri ili tupate ofa?"

"Alfajiri hakuna joto, watu hawanywi soda nyingi."

"Mungu wangu. Nampenda mtu wa namna gani?"

"Umesemaje?"

"Nimesema kata simu, dakika zako zinaisha."

Alimwita Bwana Hotpoti, Waziri wa Bajeti, Mtakatifu Obedi wa Mlenda. Obedi alimwita Loi, na siku nyingine alimwita mgeni wangu, kwa sauti iliyomfanya Loisi aweke simu kifuani baada ya kukata. Jumamosi walitembea kutoka Kikuyu, ambako Obedi alipanga, mpaka mjini kwa miguu, wakanunua zabibu fungu moja wakala njiani. Loisi alivaa viatu vya visigino virefu kwa makusudi ili aombe bodaboda. Obedi akamvua, akavibeba viatu mkononi, akampa ndala alizokuja nazo kwenye mkoba wa vyuma. Zilimtosha sawasawa. Alikuwa amemwangalia nyayo.

Lakini swali lake halikulala. Mtu anayekusukumia mnofu na bado anahesabu dakika za simu ni mwekevu, au ni bahili ambaye hajazeeka? Mzee Yoramu naye, mama alisema, wakati wa uchumba alimletea karanga. Loisi alitaka kujua mapema, kabla ya pete, kwa sababu baada ya pete ni komeo.

Siku yake ya kuzaliwa ikakaribia. Obedi akampigia mchana, saa ya bei ghali, na Loisi akajua kuna jambo.

"Jumamosi nakukaribisha hotelini. Ile yenye bustani na taa, unayoipiga picha kutoka nje."

"Unaumwa?"

"Nimejiandaa. Karibu, Loi."

*

Sasa mwanamke wa mjini haendi mtoko peke yake. Atapigwa picha na nani? Nani atashuhudia kwamba amependwa? Loisi alikwenda na Jenifa na Naima. Yeye alivaa gauni la kijani lililombana mpaka akawa anapumua kwa zamu. Jenifa alivaa dhahabu ambayo haikuwa dhahabu, na Naima alivaa miwani ya jua ilhali jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Obedi alisimama kuwapokea, shati jeupe jipya, kola bado upande wake wa kwanza. Aliwatazama wale wawili, kisha akamtazama Loisi.

Walioletwa na mwenzao hawana kiasi. Jenifa aliita sinia la nyama choma bila kusoma menyu. Naima akaongeza kuku mzima, samaki, na juisi ambazo zilikuja na miavuli midogo, kisha wakaonja kila kitu kwa ncha ya uma na kuacha. Walipiga picha sinia, walipiga picha miavuli, walijipiga picha wao. Mwenye siku ya kuzaliwa alikatwa kichwa katika picha zote. Obedi aliagiza wali na samaki, sahani mbili, yake na ya Loisi, na keki ya Loisi, akala sahani yake mpaka mwisho.

Bili ilipokuja aliisoma kwa utulivu wa mtu anayesoma waya. Akatoa hela, akaziweka, akamrudishia mhudumu karatasi.

"Hizo ni zangu na za Loisi, na keki yake. Zilizobaki ni za dada hawa."

Naima akavua miwani. "Unasemaje, shemeji?"

"Mimi nilimkaribisha Loisi. Nyie, dada zangu, sikuwakaribisha. Aliyewakaribisha simjui."

Kisha akafanya jambo ambalo Jenifa alilisimulia ofisini kwa wiki mbili. Akamwita mhudumu tena, akaonyesha lile sinia, yule kuku aliyedokolewa, yule samaki mzima wa upande mmoja, akasema, "Kama wao hawali, nifungie hivi vyote."

"Vya mbwa?" Jenifa akauliza.

"Vyangu, vya kesho."

Loisi aliinuka na kumtangulia nje. Obedi alimkuta kwenye maegesho, karibu na ua la michongoma, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimelipa nilichoahidi, Loi."

"Mifupa, Obedi? Umefungiwa mifupa iliyoguswa na watu, siku yangu ya kuzaliwa?"

"Ni nyama. Wameiacha. Mtu aliyeifuga alihangaika."

"Wewe na baba yangu mmetoka kiwanda kimoja."

"Baba yako amefanyaje?"

"Usiniulize. Usinifuate. Usinipigie simu tena, hata hiyo saa yako ya bure."

Obedi alisimama na mfuko wake wa nailoni uliokuwa ukivuja mchuzi. "Sawa," akasema.

*

Na kwa kuwa alikuwa Obedi, hakupiga. Mwanaume mwingine angepiga siku ile ile, angetuma ujumbe wenye mioyo, angetuma shangazi. Huyu aliambiwa asipige, akaacha. Saa kumi na moja na nusu Loisi aliamka mwenyewe, akatazama simu kimya, akaitukana. Siku ya nne aliiweka chini ya mto ili isimkumbushe, na bado aliamka. Alilia kwa hasira, maana alikuwa analilia mtu aliyebeba mifupa.

Mwezi ukaenda ukingoni. Tarehe ishirini na tisa, mtumishi wa mjini anayekula kwa kuonekana huwa anaonekana vibaya. Loisi hakuwa amekunywa chai. Mchana alikwenda kwa Mama Erick kwa mazoea, miguu ilimpeleka tu, akiwa na hela ya andazi. Jenifa na Naima walikuwa wameketi na pilau ya sinia na kuku juu yake, kwa sababu Jenifa alikuwa amerudi semina na posho haijapoa.

"Karibu, Loisi," Jenifa akasema.

"Karibu, shoga," Naima akasema.

Labda ni njaa. Labda miezi miwili ya kukaa na mtu wa Bahi ilikuwa imemharibu. Loisi akasema asante, akaenda kwenye ndoo ya koki, akanawa, akarudi, akavuta kiti.

Naima alitazama sahani. Jenifa, ambaye aliagiza sinia zima kwa karibu ya Loisi, akaivuta pilau upande wake, kidogo tu, kiasi cha vidole viwili.

"Jamani, Loisi," akasema akitabasamu, "si unajua tulikuwa tunakukaribisha tu?"

Tu. Neno dogo hivyo, na lilikuwa na komeo. Loisi alilisikia likifunga, sauti ile ile ya chumba cha baba Mpwapwa. Akamkumbuka aliyeketi kiti hiki akimsukumia minofu kwa kidole, na akajiona jinsi alivyokuwa mjinga. Kwa muda wote alikuwa akimtafuta baba yake kwenye kola ya Obedi, kumbe baba yake alikuwa amekaa naye meza moja kila mchana, amevaa dhahabu isiyo dhahabu. Akatoka nje, mikono bado ina maji.

Jioni ile aliondoa wigi kwenye jiko. Akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama. Mlenda unatia magadi kiasi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna mtu anakuja kula kwako?"

"Natumaini."

"Tia kwa ncha ya vidole. Na mlango uache wazi."

*

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kama kawaida yake, Fundi Obedi alikuja kukagua jokofu la Mama Erick. Alipotoka jikoni akifuta mikono alimkuta Loisi meza ya katikati. Hakuwa na wigi. Nywele zake alizisuka twende kilioni, kucha alizikata, na mbele yake palikuwa na hotpoti jipya la ghorofa tatu, bado na karatasi ya dukani chini. Meza ya jirani Jenifa alimkanyaga Naima mguu.

"Karibu," Loisi akasema, na safari hii alimtazama usoni.

Obedi alisimama. Alilitazama hotpoti, akamtazama mwenyewe. Kisha akasema, kwa upole wote wa watu wa mjini, "Asante, dada. Endelea."

Loisi hakuwahi kupigwa kofi na mwanamume. Alidhani sasa anajua linavyouma. Obedi alikuwa ameshainama kuchukua mkoba wake wa vyuma.

"Obedi, nimesema karibu."

"Nimesikia. Lakini uliponifundisha nilielewa. Mjini karibu ni salamu."

"Nilikufundisha ujinga."

"Uliniambia nisikupigie, nikaacha. Uliniambia nisikufuate, nikaacha. Kila unachosema nakishika, Loi, na kila nikishika naonekana mshamba. Sasa nitajua lipi la kushika?"

"Ungeuliza."

Obedi alifikiri, mkoba mkononi. Mgahawa mzima ulikuwa umeacha kutafuna, na hilo kwa Mama Erick halijawahi kutokea.

"Haya, nauliza. Hiyo karibu ni ya mjini au ya Bahi?"

"Ya Bahi," Loisi akasema. "Nimeipika mwenyewe. Nimeunguza sufuria mbili. Nawa, tafadhali."

Akaenda akanawa, mpaka kwenye viwiko. Akavuta kiti, akafumba macho, akaomba kwa muda mrefu kuliko chakula kinavyohitaji. Tonge la kwanza alilitafuna kwa makini.

"Magadi yamezidi."

"Basi acha."

"Sijasema naacha."

Akala. Katikati ya kula akasema, bila kuinua uso, "Na mimi nina kosa langu. Nilimsimulia mama yangu habari ya ile hoteli nikidhani atanisifu. Alinigombeza mpaka majirani wakaja. Akaniuliza, tangu lini mgeni wa mgeni si mgeni? Kwetu ukimkaribisha mmoja akaja na kumi, wale kumi ni wako. Nilishika neno nikaacha desturi. Rafiki zako nilikosa kuwalipia."

"Rafiki zangu," Loisi akasema kwa sauti ya kufika meza ya jirani, "hawakustahili hata ule mwavuli wa juisi."

"Wanastahili hawastahili, walikuja na wewe."

Hapo ndipo Loisi alipomweleza. Alimweleza habari ya chumba, komeo, mapaja mawili, na watoto waliokaa sebuleni wakisikiliza mifupa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote mjini habari hiyo. Obedi alisikiliza, tonge limesimama mkononi mpaka likapoa.

"Ndiyo maana ulinitazama vile siku ile," akasema. "Nilichukua paja."

"Ulichukua paja."

"Loi, nikija Mpwapwa kuleta posa, Mzee Yoramu atanikaribisha?"

Aliliuliza hivyo hivyo, mlenda mdomoni, kama anauliza bei ya gesi. Loisi alitazama ile kola, ambayo ilikuwa ya shati la zamani tena, imegeuzwa. Safari hii hakuikebehi.

"Baba hajawahi kumkaribisha mtu tangu nimfahamu," akasema. "Utasimama mlangoni mpaka jua lizame."

Obedi akalifunga hotpoti ghorofa moja moja, akakaza kifuniko.

"Basi tutakwenda na hili," akasema. "Tutafungua pale pale nje ya mlango wake, tumkaribishe sisi."

"Na akitoka? Akanawa kweli?"

"Akinawa," Obedi akasema, "paja ni lake."